Mashine Inalia Njaa, Plagi Zimejaa Masizi

Ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji kuhusu magari yao. Barua nne tulizozichagua mwezi huu zimetoka Moshi, Arusha na vitongoji vyake, na zote zinahusu injini inayomisi, yaani silinda inakosa kuwaka kwa zamu yake, na sensa ya oksijeni iliyobebeshwa lawama, kwa haki au kwa kusingiziwa. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake ameeleza dalili nyingi kuliko wenzake.

SWALI

Ndugu fundi, salaam. Mimi ni mwalimu, ninaishi Kiboriloni, Moshi, na ninatumia Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ, ambayo niliinunua ikiwa imetumika Japani. Tangu masika yalipokwisha gari hili linamisi. Asubuhi linawaka vizuri na dakika chache za mwanzo halina shida, lakini likishapata moto hutetemeka kila ninaposimama, hasa kwenye kipilefti cha mnara wa saa nikisubiri nafasi. Ajabu ni kwamba nikienda Bomang'ombe na kukanyaga mafuta hadi mwisho kuupanda mlima wa Kikafu, linatulia na kuvuta bila kusita. Ulaji wa mafuta umepanda, na ekzosi ina masizi meusi. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote na koili moja, gari likawa zima kwa wiki mbili hivi, kisha likarudia. Fundi wa pili alipima kwa mashine, akapata kodi (namba ya kosa) ya P0171, akanieleza kwamba injini inakosa mafuta. Alisafisha nozeli zinazonyunyiza petroli na kufunga pampu mpya ya mafuta, na hali ikabaki ile ile. Wa tatu anasema ni sensa ya oksijeni, ninunue mpya. Je, sensa inaweza kweli kuifanya injini imisi? Na nitajuaje kabla ya kutoa pesa nyingine?

*Mwalimu, Kiboriloni*

JIBU

Mwalimu, sensa ya oksijeni inaweza kuifanya injini imisi, na dalili ulizoandika zinaelekea huko zaidi kuliko zilivyoelekea kwenye pampu uliyofungiwa. Hata hivyo usiinunue bado. Yapo mambo mengine mawili yanayoleta dalili zinazofanana sana na zako, wala hakuna hata moja kati yake linalopona kwa sensa mpya. Kuyatenganisha kunahitaji saa chache za kazi, spana ya plagi na multimita ya kawaida ya dijitali.

Tuanze na kazi ya sensa yenyewe, maana hapo ndipo fundi wako wa pili alipopotea njia. Sensa ya mbele hufungwa kwenye ekzosi kabla ya masega, yaani kile kifaa cha kusafishia moshi, na ncha yake ya kauri ya zirkonia hulinganisha oksijeni iliyobaki katika moshi na oksijeni ya hewa ya nje. Ikishapata joto la nyuzi 300 za sentigredi hivi, hutoa umeme mdogo: moshi ukiwa na oksijeni nyingi, yaani mafuta yalikuwa machache, hutoa karibu volti 0.1, na moshi ukiwa umeishiwa oksijeni, yaani mafuta yalizidi, hutoa karibu volti 0.9. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, husoma umeme huo na kuongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko usitoke mbali na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, kwa kuwa hapo ndipo masega yanapousafisha moshi vizuri. Utaratibu huu si mgeni. Bosch ndio waliotengeneza sensa hizo na Volvo wakaanza kuzifunga kwenye magari yao mwaka 1976. Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni kwamba sensa haipimi petroli hata kidogo. Inapima oksijeni tu, na oksijeni yoyote itakayoifikia, hata ile ambayo haikupitia kwenye silinda, itahesabiwa kuwa ni upungufu wa mafuta.

Kwa hiyo P0171 haisemi kwamba injini yako inakosa mafuta. Inasema kwamba kontroli boksi imeongeza mafuta, ikaongeza tena, mpaka ikafika ukomo iliowekewa, na bado sensa inaleta habari ile ile ya mafuta machache. Zipo injini ambazo habari hiyo ni ya kweli: pampu imechoka, filta imeziba, bomba la mpira la kupitishia hewa limepasuka, au sensa ya kupimia hewa imechafuka. Lakini injini za namna hiyo hutoa plagi nyeupe au za kijivu hafifu, na bomba la ekzosi huwa kavu lisilo na masizi. Gari lako linalia njaa kwenye mashine huku tangi likikauka upesi na ekzosi ikijaa weusi. Mambo hayo hayakai pamoja isipokuwa pale kontroli boksi inapopewa habari zinazoipotosha, na hilo lingeweza kuonekana kwa kupitisha kidole ndani ya bomba la ekzosi kabla pampu haijanunuliwa. Sipendi kumlaumu fundi ambaye sikumwona akiwa kazini, lakini kusoma kodi bila kufungua plagi ni kuacha kazi njiani.

Mafuta yakizidi, injini haimisi siku hiyo hiyo. Petroli huungua hata ikizidi kwa kiasi cha robo. Kinachofuata ni masizi kujikusanya kwenye kauri ya plagi kidogo kidogo, mpaka umeme unapata njia ya kupita juu ya masizi hayo badala ya kuruka mwanya, na cheche ikakosekana. Hali hiyo huwa mbaya zaidi injini ikiwa imesimama inaunguruma taratibu, kwa sababu wakati huo plagi haipati joto la kutosha kuchoma uchafu wake. Ndiyo maana plagi mpya zilikupa wiki mbili za raha. Asubuhi nako hakuna la ajabu: injini baridi inahitaji mafuta mengi kwa vyovyote, na sensa ambayo haijapata joto haisikilizwi, hivyo ziada ya mafuta haikusumbui hadi injini inapopata moto. Mlima wa Kikafu nao unaeleweka. Ukikanyaga hadi mwisho, kontroli boksi huacha kufuata sensa na kutoa mafuta mengi kwa makusudi, kwa kuwa injini iliyobeba mzigo inayahitaji. Koili mbovu ina tabia ya kinyume, kwa maana cheche dhaifu hushindwa pale pale mzigo unapozidi. Gari lenye koili mbovu lingekuaibisha mlimani na kutulia kwenye kipilefti. Kwa dalili hiyo moja tu, ile koili uliyobadilishiwa pengine haikuwa na kosa.

Wanaotuhumiwa basi ni watatu: sensa iliyokwama upande wa chini, yaani inayotoa volti ndogo wakati wote, ekzosi inayovuta hewa kabla ya sensa, na silinda moja inayomisi kwa sababu zake yenyewe. Huyu wa tatu ndiye husahauliwa. Silinda isipowaka, hewa iliyoivuta hutoka kwenye ekzosi ikiwa na oksijeni yake yote. Sensa huipata, hutoa habari ya mafuta machache, na kontroli boksi huongeza mafuta kwenye silinda zote nne, zikiwemo tatu ambazo hazikuwa na kosa. Katika hali hiyo sensa imesema kweli tupu, lakini ndiyo inayong'olewa na kutupwa. Usidanganyike kwa kuwa mashine haikutoa kodi ya P0300 au zile za P0301 hadi P0304 zinazotaja silinda. Sheria iliyolazimisha kompyuta za magari kufuatilia kumisi kwa injini ilikuwa ya Marekani, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halikufungwa nayo.

Injini ikiwa imepoa, mwambie fundi atoe plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wa silinda, akianza na namba 1 upande wa mkanda. Kaa uangalie mwenyewe, usiletewe habari. Zikiwa zote nne nyeusi kwa kiwango kimoja, na masizi yake ni makavu na yanafutika kwa kidole, basi kosa linazihusu silinda zote, na macho yaelekezwe kwenye sensa na ekzosi. Ikiwa tatu ni nyeusi na moja imelowa petroli, au moja haifanani na wenzake kwa namna yoyote ile, anza na silinda hiyo kabla hujagusa kitu kingine. Njia nyepesi ya kuithibitisha ni kuiacha injini ikiunguruma na kuchomoa soketi ya nozeli moja moja: silinda nzima ikichomolewa, mlio wa injini hubadilika papo hapo, na ile isiyofanya kazi ikichomolewa hakuna kinachobadilika. Ukishaipata, hamisha koili yake kwenye silinda ya jirani na uone kama ugonjwa umehama nayo. Usipohama, hamisha plagi, kisha angalia nozeli, na mwisho pima kompresheni.

Ikiwa plagi zote zinafanana, angalia ekzosi. Watu wengi hudhani kwamba ekzosi iliyotoboka hutoa moshi nje tu, lakini moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo moja na jingine bomba huvuta hewa ya nje kupitia ufa ule ule. Hewa hiyo ikiingia kabla ya sensa, sensa huihesabu kuwa ni oksijeni ya silinda. Sehemu za kuangalia ni gasketi ya manifoldi, nyufa kwenye manifoldi yenyewe, na maungio ya bomba yaliyo juu ya sensa. Washa gari alfajiri likiwa baridi kabisa na usikilize mlio wa tik-tik unaofuata mwendo wa injini na kufifia chuma kinapopata joto na kutanuka. Angalia pia mistari ya masizi kwenye maungio. Mtu mwingine akiziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache, ufa utapiga mluzi. Sisemi haya kwa nadharia tu: barabara zetu za kwenda Kibosho na Uru zina mawe ya kutosha kulegeza maungio ya ekzosi ya gari dogo la chini kama lako.

Sasa sensa. Ile ya kawaida ina waya nne. Mbili zenye rangi moja ni za hita inayoipasha sensa joto, nyeusi kwa sensa za Denso na nyeupe kwa za NTK. Katika mbili zinazobaki, waya wa bluu kwa Denso au mweusi kwa NTK ndio unaoleta habari. Chomoa soketi sensa ikiwa baridi na upime ukinzani wa hita: sensa nyingi za aina hii za Toyota husoma ohm 11 hadi 16. Mita isiposoma kitu, hita imekatika, na sensa yenye hita iliyokatika hupoa kila gari linaposimama, ndipo inapoanza kutoa habari zisizoaminika. Kwa kawaida kosa hilo lina kodi yake, P0135.

Hita ikiwa nzima, rudisha soketi, ingiza pini nyembamba ya kushonea kwa nyuma ya soketi mpaka iguse kiungo cha waya wa habari, bila kutoboa ganda la waya, weka mita kwenye volti za DC, na upeleke waya wa pili wa mita kwenye chuma cha injini. Injini ipate moto kamili, kisha ishikiliwe kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika mbili. Sensa nzima haitulii hata kidogo. Namba hupanda kuelekea 0.9 na kushuka kuelekea 0.1, zikivuka 0.45 kiasi cha mara moja kila sekunde au zaidi. Ukiona inazunguka kivivu, ikipanda na kushuka kwa sekunde kadhaa, hiyo imezeeka. Ukiona imekaa 0.1 au 0.2 bila kusogea, usiizike bado, kwa sababu sensa nzima iliyo kwenye ekzosi inayovuta hewa husoma hivyo hivyo. Ilazimishe: mtu anyunyize dawa kidogo ya kusafishia kabureta kwenye mdomo wa bomba la hewa, mbali na kitu chochote chenye moto. Ikiruka mara moja hadi 0.8 au zaidi, sensa ni hai na tatizo liko mahali pengine. Ikibaki chini, au ikipanda kwa kujivuta, imekwisha, na fundi wako wa tatu alikuwa sahihi.

Tahadhari moja kwa wasomaji wengine: baadhi ya magari ya Toyota, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, yana sensa ya mbele ya aina pana, ambayo hita yake ina ohm 2 au 3 hivi na umeme wake haupandi na kushuka kama nilivyoeleza. Hiyo haipimwi kwa multimita; inahitaji mashine inayoonyesha namba za moja kwa moja.

Ikiwa multimita haipatikani, ipo njia ya kienyeji zaidi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, chomoa soketi ya sensa ya mbele, safisha plagi, toa waya hasi wa betri kwa dakika kadhaa ili kontroli boksi isahau nyongeza ya mafuta iliyojizoesha, kisha endesha gari. Kontroli boksi isipopata sensa hutumia vipimo vyake yenyewe. Taa ya injini itawaka, na hilo ni la kawaida. Gari likitulia na plagi zikabaki safi kwa siku chache, umejua kwamba ugonjwa ulikuwa unapitia kwenye sensa; hujajua bado kama ni sensa yenyewe au ekzosi iliyo juu yake, kwa hiyo lile suala la tik-tik linabaki. Gari likiendelea kumisi vile vile, weka pesa zako mfukoni, maana sensa haina hatia.

Ukishamaliza matengenezo, funga plagi safi zenye mwanya wa karibu milimita 1.1, futa kumbukumbu ya kontroli boksi, na unuse kijiti cha kupimia oili. Kikinuka petroli, mwaga oili hata kama muda wake haujafika, kwa kuwa petroli iliyozidi huteremka kwenye kuta za silinda na kuipunguzia oili uzito.

Kwa kuwa swali hili litasomwa na wengi, niongeze upande wa pili. Sensa inaweza pia kukwama juu, kwa mfano waya wake wa habari ukigusana na waya wa hita wenye volti 12. Hapo kontroli boksi hupunguza mafuta, na injini humisi upesi zaidi kuliko yako, kwa sababu mchanganyiko wenye mafuta machache hushindwa kuwaka papo hapo bila kusubiri masizi. Gari husitasita, hushtuka ukiwa kwenye mwendo wa wastani, wakati mwingine hupiga chafya kwenye bomba la kuingizia hewa, na plagi hutoka nyeupe huku mashine ikitoa P0172, yaani mafuta yamezidi. Ni ugomvi ule ule kati ya kodi na plagi, umegeuzwa tu.

SWALI

Kaka fundi, habari za kazi. Mimi ni dereva wa teksi, naishi Sakina, Arusha, gari ni Toyota Spacio. Sensa ya mbele ilipimwa ikaonekana mbovu, nikanunua iliyotumika kwenye duka la spea za mtumba. Soketi hazikulingana, fundi umeme akakata waya, akaziunga kwa kuchomelea na kuzungushia tepu. Siku za mwanzo ilikuwa safi, sasa injini inamisi tena. Niliuziwa kibovu?

*Dereva, Sakina*

JIBU

Inawezekana, lakini mimi ningeanza na yale maungio ya waya. Nilisema kwamba sensa hulinganisha moshi na hewa ya nje. Katika sensa nyingi hewa hiyo huingia kwa kupitia ndani ya waya zenyewe, katikati ya nyuzi za shaba, hadi kwenye kauri. Waya ukichomelewa, ile risasi iliyoyeyuka hujaza nafasi kati ya nyuzi na kuzuia hewa. Grisi au dawa ya kusafishia umeme ikiingia kwenye soketi huleta madhara ya aina hiyo. Sensa isiyopata hewa safi upande wa nje hukosa cha kulinganisha, umeme wake hushuka, na kontroli boksi huongeza mafuta kama kwenye gari la mwalimu hapo juu. Waya za sensa huungwa kwa kubana na vibanio vya chuma, kisha kuvalishwa mpira unaosinyaa kwa joto, na maungio yawekwe mbali na bomba.

Pili, soketi kutolingana ilikuwa onyo. Watengenezaji hubadilisha soketi kwa sababu, na huenda ulichouziwa ni ile sensa ya aina pana, ambayo haibadilishani na ya kawaida hata kama uzi wake unaingia. Pima hita yake: ukisoma ohm 2 au 3 wakati ile ya zamani ilisoma zaidi ya 11, umepata jibu.

Kuhusu spea za mtumba, sina ugomvi na mlango, taa, wala jenereta iliyotumika. Sensa ya oksijeni ni tofauti, kwa kuwa huharibika kwa vitu visivyoonekana: oili iliyoungua, maji ya rejeta yaliyopenya, au silikoni ya kubandikia gasketi isiyofaa kwa injini zenye sensa, ambayo mvuke wake huacha utando mweupe kwenye ncha. Zamani petroli yenye risasi ndiyo ilikuwa adui mkubwa, lakini nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006. Ikiwa ni lazima ununue iliyotumika, omba uone ncha yake, na usiikubali iliyoangushwa sakafuni hata kama haina alama, kwani kauri hupasuka ndani. Wakati wa kufunga, tumia spana ya 22 ekzosi ikiwa ya vuguvugu, na dawa ya kuzuia kutu ipakwe kwenye uzi pekee.

SWALI

Shikamoo fundi. Nina duka Usa River na gari langu ni RAV4 iliyotoka Uingereza. Nikibeba mzigo kutoka soko la Kilombero, taa ya injini inawaka na kuzima mfululizo, na gari linatetemeka. Fundi anataka kukata masega na kuondoa sensa ya nyuma, anasema ndiyo inayosumbua. Nimkubalie?

*Mama wa duka, Usa River*

JIBU

Marahaba, mama. Usimkubalie. Taa inayowaka moja kwa moja inakwambia upeleke gari likaangaliwe. Inayowaka na kuzima mfululizo inakwambia kwamba injini inamisi wakati huo huo kwa kiwango cha kuunguza masega, kwa sababu petroli isiyowaka kwenye silinda huenda kuwakia ndani ya masega na kuyayeyusha. Ukiiona, punguza mwendo na uondoe mguu kwenye mafuta mpaka itulie. Kwa kuwa inatokea ukiwa na mzigo, anzeni na koili na plagi, si sensa.

Sensa ya nyuma kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega bado yanafanya kazi, na kosa lake la kawaida ni P0420. Mchango wake kwenye kupanga mafuta ni mdogo, na si kawaida kwake kuifanya injini imisi. Kama fundi anaamini masega yameziba, afungue sensa ya mbele na kuliacha tundu wazi, kisha azungushe injini kidogo papo hapo. Nguvu zikirudi, masega yameziba kweli. Zisiporudi, kukata masega kutakuletea kelele na harufu tu.

SWALI

Fundi, mimi nimestaafu na ninaishi Marangu. Kuna kijana ameniambia gari langu linamisi kwa sababu huku juu oksijeni ni kidogo na sensa inachanganyikiwa. Je, ni kweli?

*Mzee, Marangu*

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Si kweli, ingawa kijana hakukosa kabisa mahali pa kuanzia. Hewa ya Arusha, mjini kwenye karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ina mgandamizo pungufu kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, na lango la hifadhi hapo kwenu, lililo juu ya mita 1,800, lina upungufu zaidi. Lakini oksijeni ni ile ile asilimia 21 ya hewa iliyopo. Sensa inalinganisha moshi na hewa inayoizunguka mahali gari lilipo, hivyo pande zote mbili hushuka pamoja, na sensa ya kupimia hewa inayoingia kwenye injini huiambia kontroli boksi ipunguze mafuta kwa kiasi kinachostahili. Gari la kabureta ndilo linaloteseka ukitoka Moshi kupanda huko, kwa kuwa kabureta haijui kwamba hewa imepungua na huendelea kutoa mafuta ya tambarare, ndipo moshi unakuwa mweusi na plagi zinachafuka.

Kwa hiyo la kwanza, mzee, angalia kama gari lako ni la kabureta au la nozeli. Likiwa la nozeli na linamisi Marangu, litapimwa kwa utaratibu ule ule niliompa mwalimu wa Kiboriloni, kuanzia plagi nne juu ya gazeti. Na kijana asigusie sensa mpaka aangalie kama gari linamisi hata likiwa bado baridi.